Maswali ya Wasomaji: Kisomo, Ngazi za Kanisa na Mashine ya Presha

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaoendesha huduma za jamii makanisani. Tumezifupisha.

Tulianza darasa la kisomo ukumbini tukiwa watu 34, sasa wamebaki 11. Ajabu ni kwamba baadhi yao walikuwa wakisoma vizuri mbele ya wenzao, lakini ukiwapa barua hawatoi neno. Tunakosea wapi?
*Mwalimu wa kujitolea*

Mwalimu, hapo kuna matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kukariri. Mwalimu anaposoma na darasa zima likaitikia, mtu mzima mwenye kumbukumbu nzuri hushika sauti, herufi zikampita. Kanisani hatari hii ni kubwa zaidi, maana maandishi tunayopenda kuyatumia ni yale yale ambayo kila mtu anayajua kwa moyo. Mpe mtu Sala ya Bwana, ataipitishia kidole mstari kwa mstari bila kusita, na mara nyingine kidole kitafika mwisho kabla ya sauti. Kupima ni rahisi. Andika kwenye kadi neno "leo" peke yake, kisha "ole", kisha "lea". Anayesoma atayatofautisha. Aliyekariri atatazama uso wako apate dokezo.

Rudini kwenye silabi. Kiswahili kina irabu 5 tu, na silabi zake karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo kazi si ngumu kama inavyoogopwa. Anzeni na a, e, i, o, u, halafu konsonanti moja: ka, ke, ki, ko, ku. Ongezeni t, l na m, na siku hiyo hiyo wanakisomo waunde maneno wenyewe: kaka, leta, kilo, kamati. Msifundishe b na d wiki moja, wala m na n, zinachanganya macho. Mb, nd, ny, ng', dh na gh zingoje mpaka msingi ushike. Kila kipindi kiwe na neno ambalo halijawahi kuandikwa ubaoni, na kila mtu alisome peke yake bila kuitikiwa. Dakika 90, mara mbili au tatu kwa wiki, watu 15 hadi 20 kwa mwalimu mmoja. Jina lake mwenyewe mtu aanze kuliandika jioni ya kwanza, hata kama herufi zake bado hajafundishwa, atataka kurudi. Na kama Kiswahili si lugha wanayoiongea nyumbani, anzeni na ile wanayoiongea.

La pili ni hao 23 walioondoka. Msiwatangazie madhabahuni, wafuateni mmoja mmoja. Kabla ya kudhani ni uvivu, chunguzeni macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, uwezo wa kuona vitu vya karibu hupungua kwa karibu kila mtu, na ambaye hajawahi kusoma anaweza asijue, labda awe na kazi ya kutunga uzi kwenye sindano. Yeye atakwambia kichwa chake ni kizito. Mshikieni maandishi umbali wa sentimita 40. Akirudisha shingo nyuma au akiisukuma karatasi mbali, aende kwa mtaalamu wa macho kabla ya kipindi kinachofuata. Wengi hutoshelezwa na miwani ya kusomea ya kati ya +1.00 na +3.00. Halafu tazameni saa mliyoipanga. Kama ni saa ya kupika na kulaza watoto, wanawake watapungua kwanza, na hakuna mahubiri yatakayowarudisha. Badilini saa, au wekeni mtu wa kuwaangalia watoto.

Mlango wa kanisa letu una ngazi tatu, kimo chote sentimita 45. Fundi anasema rampu, yaani njia ya mteremko isiyo na ngazi, ya mita 2 inatosha kwa kiti cha magurudumu. Pia tuna waumini viziwi wawili wanaokaa nyuma kabisa. Tuwafanyie nini?
*Mzee wa kanisa*

Mzee, msimlipe fundi bado. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo 45 mara 12 ni sentimita 540, yaani mita 5.4. Rampu ya mita 2 ni mwinuko wa kusukumwa na vijana wawili, na siku ya mvua kiti kitarudi nyuma na mtu wake. Kama uwanja hautoshi, ikunjeni: ipande nusu, kuwe na kituo tambarare cha mita 1.5 kwa 1.5, kisha igeuke. Juu, mbele ya mlango, acheni tambarare ya ukubwa huo huo. Bila hiyo mtu hawezi kufungua mlango huku kiti kikimvuta kuteremka, hasa mlango ukifunguka kwa nje.

Upana uwe mita 1.2, na usishuke chini ya sentimita 90. Wekeni kingo za sentimita 5 hadi 10 pembeni ili gurudumu lisitoke, na vishikio pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95. Zege isisuguliwe ikang'aa. Ipigwe ufagio ikiwa mbichi, mistari ikikata njia. Kosa linalorudiwa sana ni kujenga rampu nzuri ya kuingilia kanisani huku choo kikiwa na kizingiti na mlango wa sentimita 60. Mtu ataacha kunywa maji Jumapili, kisha ataacha kuja. Ndani, katisheni benchi moja la katikati mpate nafasi ya sentimita 90 kwa 130, akae na familia yake badala ya kuegeshwa kwenye njia.

Kuhusu viziwi, waulizeni wenyewe kwanza. Si kila kiziwi anajua lugha ya alama. Aliyepoteza usikivu ukubwani huenda anategemea maandishi na midomo. Kama wanaijua, wakae mbele, na mkalimani asimame karibu na mhubiri, mwanga umwangukie usoni. Akiwa na dirisha mgongoni, wataona kivuli. Mpeni nyimbo na masomo siku moja kabla, na ibada ikiwa ndefu wawe wakalimani wawili wa kupokezana kila baada ya dakika 20 hivi. Msimfanye mtoto wa familia kuwa mkalimani wa mambo ya ugonjwa au ya ndoa. Kisha wapeni kazi: kupokea wageni, kuhesabu sadaka, kukaa kwenye kamati ya ujenzi. Hiyo rampu ingefaa ichorwe na anayetumia kiti.

Baada ya ibada, muuguzi wetu alipima presha watu 60 kwa saa moja. Nusu yao wakaambiwa iko juu, na majibu yaliandikwa kwenye daftari lililokuwa wazi mezani. Sasa watu wanaogopa. Tuendelee?
*Kiongozi wa idara ya afya*

Endeleeni, ila si hivyo. Watu 60 kwa saa ni dakika moja kwa mtu, na kwa dakika moja huwezi kupata kipimo cha kuaminika. Aliyetoka kuimba akiwa amesimama atasoma juu. Apumzike dakika 5 akiwa ameketi, asiwe ametumia kahawa au sigara au kufanya mazoezi kwa nusu saa, na kibofu kiwe kitupu. Mgongo uegemee, nyayo zikae sakafuni bila kukunja nne, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Msiongee naye mashine ikipima. Pimeni mara mbili, mkipisha dakika moja au mbili. Mkizipanga foleni za viti ili mapumziko yafanyike hapo, mashine moja itahudumia watu 12 hadi 15 kwa saa.

Mkanda ndio huleta hofu ya bure. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hupanda bila ugonjwa wowote. Nunueni angalau saizi mbili.

Kipimo cha 140/90 au zaidi bado si jibu la ugonjwa. Kinataka kurudiwa siku nyingine, kisha mtu aende kituo cha afya. Zungumzeni na kituo hicho kabla ya siku ya kupima, mjue atapokelewa na nani. Ikisoma 180/120 au zaidi, apumzike na apimwe tena. Lakini kama ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, uso umepinda, upande mmoja umelegea au maneno hayatoki sawasawa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama namba si kubwa hivyo.

Daftari lifungiwe. Kila mtu aondoke na kadi yake. Na mchungaji atamke waziwazi kwamba anayetumia dawa aendelee nazo wakati akiombewa. Likikosekana neno hilo, wapo watakaoziacha.

Wazee wawili wanapinga sadaka kusomesha watu wasio wa kanisa letu. Wanataka wanafunzi wabatizwe kwanza. Tuwajibu nini?
*Katibu*

Wajibuni kwamba shule za Jumapili zenyewe zilivuma kwa kazi hii. Robert Raikes alipofungua yake Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, watoto wa maskini waliofanya kazi wiki nzima walifundishwa kusoma. Mkidai ubatizo mtapata ubatizo wa kutafuta daftari. Atakayeuliza habari za imani ajibiwe, ila mahudhurio yasifungwe nayo.

Hofu ya wazee mara nyingi ni fedha, na hiyo ina haki yake. Fungueni akaunti ya huduma hii peke yake, saini ziwe mbili za watu wasio ndugu, na kila robo mwaka bandikeni ubaoni kilichoingia, kilichotoka, walioanza na waliobaki.