Mashine ya kupiga makasia: kaa juu yake uvute, ndipo utoe hela

Wiki hii msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia: "Dada, habari. Nimeona mashine ya kupiga makasia mtandaoni, ina kioo kikubwa na programu kibao za mazoezi. Muuzaji anasema imebaki moja tu. Nilipie?" Nimemjibu asitume hata shilingi. Na kwa kuwa maswali ya namna hii hayaishi, leo najibu kwa kirefu.

Mashine hii imenirudishia mwili wangu. Baada ya kujifungua mtoto wa pili magoti yalikuwa yananiuma, kukimbia barabarani kukanishinda. Kwenye makasia umekaa kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, unavuta mpini kama mpiga makasia wa mtumbwi; goti halipigwi na lami, lakini mapaja, mgongo, mikono na mapafu vyote viko kazini. Mwezi uliopita nimemaliza mita 2,000, umbali uleule wanaoshindania kwenye mashindano ya dunia ya mashine hizi, chini ya dakika 9. Sebuleni kwangu, Kimara, watoto wakinishangilia. Nasema kwa fahari kabisa.

Kabla ya hapo kuna duka lilinidhalilisha. Nilimwomba muuzaji nikae nivute kidogo. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Dada, hiki si kiti cha saluni. Ukikaa, umenunua." Wateja wengine wakacheka. Niliondoka na hela yangu mkobani, na maneno yale yananiuma mpaka leo. Wenzangu, hela ni ya jasho lako. Anayekukataza kujaribu anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukikaa, angalia nini? Nyoosha miguu mpaka magoti yanyooke kabisa. Kiti kikigonga mwisho wa reli kabla hujanyooka, hiyo si saizi yako, hata ikishushwa bei nusu. Kisha teleza mbele na nyuma taratibu ukisikiliza: magurudumu ya kiti yakikwaruza au kurukaruka, reli imeliwa. Pima pia unavyoinuka. Reli nyingi ziko chini, na mwenye magoti mabovu anataabika zaidi kuinuka kuliko kuvuta.

Aina ni nne, kutegemea unashindana na nini unapovuta. Zenye bomba mbili za mafuta, mfano wa shokapu za pikipiki, ni fupi na za bei ya chini, ila mafuta yakipata moto uzito unapungua, ukaishia kuvuta kitu kingine kabisa na kile ulichoanza nacho. Za sumaku ni kimya, zinamfaa mwenye mtoto mchanga. Za maji zinapendeza, nyingi zina fremu ya mbao, lakini tangi linataka vidonge vya kusafishia maji yasiote ukijani.

Mimi nilichagua ya upepo, ambayo ukivuta unazungusha feni. Ukivuta kwa nguvu inakujibu kwa nguvu, ukilegea inalegea nawe. Niliipata Concept2 iliyotumika. Kampuni hiyo ya Vermont, Marekani, ilianzishwa mwaka 1976 na ndugu wawili, Dick na Pete Dreissigacker, wakianza na makasia yenyewe. Mashine yao ya kwanza ya mwaka 1981 ilitumia gurudumu la baiskeli. Ndiyo maana naziamini: fundi anaona mnyororo, anaona feni, anajua pa kuanzia. Ina urefu wa sentimita 244, lakini hugawanyika vipande viwili bila spana, ukaisimamisha kwenye kona. Kioo chake ni kidogo na hutumia betri mbili kubwa, kwa hiyo umeme ukikatika naendelea. Feni ina kelele kweli. Nimetandika mkeka wa mpira na sivuti usiku watu wakiwa wamelala.

Hivyo vioo vikubwa vinavyopigiwa debe sivitaki. Kioo hakivuti. Wewe ndiye unayevuta, na ukitaka mwili ubadilike itabidi uvute hata siku usiyojisikia. Tuache kununua mapambo ya sebuleni tukayaita mazoezi.

Ukinunua iliyotumika hapa pwani, vuta mnyororo wote nje uukague. Hewa ya chumvi haina huruma: kutu ya juujuu inafutika, lakini pingili zilizokakamaa zinataka mnyororo mpya, na gharama yake ikatwe kwenye bei. Nyumbani ufute na kuupaka mafuta kila baada ya saa 50 za matumizi. Ule wenzo wa pembeni ya feni wenye namba 1 mpaka 10, unaopunguza au kuongeza hewa inayoingia, usiupeleke 10 kwa kujionyesha, utaumiza kiuno. Anza kati ya 3 na 5, sukuma kwa miguu kwanza, kisha mgongo, mikono imalizie. Ukirudi, mikono itangulie.