Kituo cha Kwanza Nilikichagua kwa Macho

Mwanangu alikuwa na miezi 11 nilipomtafutia kituo cha kulelewa mchana. Likizo ya uzazi ilikuwa imekwisha siku nyingi, bibi yake aliyekuwa akinishikia mtoto akaanza kusumbuliwa na mgongo, na kazini hawakutaka tena kusikia habari za ruhusa. Nikazunguka siku moja tu. Kituo cha pili kukiingia nikakipenda: kuta zimechorwa twiga na tembo, zulia safi, bembea mpya uani, na mwenye kituo mchangamfu anayejua kumkaribisha mtu. Alinitembeza saa 4 asubuhi. Watoto walikuwa wameshashiba, wameshabadilishwa, wengine wanasinzia. Nikalipa palepale.

Wiki ya tatu kazi iliisha mapema, nikampitia saa 8 mchana badala ya saa 11. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Watoto tisa, mlezi mmoja, binti mdogo wa watu, mtoto mmoja yuko begani kwake na mwingine ameng'ang'ania sketi yake. Televisheni inaonyesha katuni. Mwanangu yumo kwenye kiti chenye mkanda, amelowa mpaka kiunoni, macho yameelekea kwenye televisheni lakini hatazami kitu. Halii. Huko kutolia ndiko kulikonikata maini. Nyumbani akilowa kidogo tu nyumba nzima inajua. Pale alikuwa ameshajifunza kwamba hata ukilia, haji mtu.

Sikumgombeza yule binti. Mikono miwili ingefanya nini kwa watoto tisa? Aliyekosea ni aliyemwacha peke yake, na mimi niliyempeleka mtoto bila kuuliza swali hata moja la maana. Nilimtoa wiki ileile. Haya ninayoandika niliyapata nikitafuta kituo kingine, safari hii kwa mwezi mzima.

Jambo la kwanza ni hesabu ya walezi, na hesabu hiyo ina namna yake ya kuulizwa. Ukiuliza "mna walezi wangapi?" utajibiwa idadi ya wote, pamoja na mpishi na anayefua. Uliza hivi: "Chumba atakachokaa mwanangu, saa 8 mchana, mlezi mmoja akienda kula, anabaki nani na watoto wangapi?" Kisha nyamaza usubiri jibu. Kwa kulinganisha, Uingereza sheria inataka mlezi mmoja asizidishe watoto watatu walio chini ya miaka 2, na kwa wenye miaka 2 asizidishe watano. Hao watano wenyewe ni tangu Septemba 2023, kabla ya hapo walikuwa wanne. Marekani kila jimbo lina sheria yake, lakini chama cha walimu wa watoto wadogo, NAEYC, kinashauri watoto wachanga wasizidi wanne kwa mlezi mmoja, na kundi lote lisizidi wanane. Hata kama unapoishi hakuna anayesimamia hesabu hiyo, wewe isimamie. Mimi hujiuliza jambo moja: moshi ukiingia chumbani sasa hivi, huyu mlezi atatoka na watoto wangapi ambao hawajui kutembea?

La pili ni saa ya kwenda kutazama. Saa 4 asubuhi kila kituo ni kizuri. Nenda wakati wa kula, au wakati wa kuwalaza, au ile saa ya mwisho jioni ambapo watoto wamechoka na walezi wamechoka zaidi. Omba ukae pembeni nusu saa bila kuongea na mtu. Kituo kimoja kiliniambia wazazi hawaruhusiwi kuvuka geti mpaka waandikishe mtoto. Naelewa suala la usalama, hata mimi nisingependa kila mpita njia aingie alipo mwanangu. Lakini mzazi aliyeomba miadi, akaonyesha kitambulisho, akakubali kuongozana na mtu, akinyimwa kuona chumba, huyo anafichwa kitu. Niliondoka.

Ukishakaa, acha kuta na vitu vya kuchezea. Tazama mikono ya walezi. Katika kituo ambacho mwishowe nilimpeleka mwanangu, nilimwona mama mmoja wa makamo akimbadilisha nepi mtoto wa kama miezi minane. Alimwendea kwa mbele, mtoto akamwona anakuja. Akamwambia, "Nakunyanyua sasa, twende tukabadilishe." Akanyoosha mikono, akangoja. Yule mtoto akainua mabega kidogo, kama anayesema haya. Ndipo akambeba. Kwenye meza akamwambia "nipe mguu," akangoja tena, na mguu ukaja. Jambo zima halikuzidi dakika tano, na muda wote huo macho yake yalikuwa usoni kwa mtoto. Nilikuwa nimetoka mahali ambapo mtoto ananyakuliwa kwa nyuma kama furushi, pua inapanguswa kabla hajajua nani kamshika. Baadaye nilikuja kusoma habari za Emmi Pikler, daktari wa watoto wa Hungaria, aliyefungua nyumba ya kulelea watoto wachanga jijini Budapest mwaka 1946. Walezi wake aliwafundisha jambo hilohilo: mwambie mtoto unachotaka kumfanyia, kisha mpe nafasi ashiriki. Kuogeshwa, kulishwa na kubadilishwa, kwake hizo ndizo saa ambazo mtoto anajua kuwa naye ni mtu. Yule mama sidhani kama aliwahi kulisikia jina hilo. Jambo lenyewe alikuwa nalo mikononi.

Kisha uliza mlezi huyo amekaa hapo muda gani, na wangapi wameondoka mwaka huu. Swali hili niliona aibu kuliuliza, kama napekua mambo ya watu, lakini sasa naliweka karibu na juu kabisa. Mtoto kuanzia kama miezi minane huanza kuogopa kuachwa, na woga huo huwa mkali zaidi kati ya miezi 10 na 18. Mwanangu alikuwa katikati ya kipindi hicho. Mtafiti Mary Ainsworth, ambaye kazi yake ya mwanzo aliifanya Uganda miaka ya 1950 akiwatembelea akina mama na watoto majumbani, alieleza namna mtoto anavyomfanya mtu mmoja kuwa kituo chake: anatambaa kwenda kuchungulia, anarudi kumgusa, anakwenda tena. Mtoto akishinda kwa walezi, anahitaji mtu wa namna hiyo na huko pia. Sasa kama kila baada ya miezi miwili anakuja dada mpya, anarudi kwa nani? Kwa hiyo uliza pia kama mwanao atakuwa na mlezi wake anayejulikana, na siku huyo akiwa hayupo, nani anashika nafasi yake. Na ukiweza kujua kwa upole kama walezi wanalipwa kwa wakati, jua. Mlezi asiyelipwa ataondoka, na mtoto wako ndiye atakayeanza upya.

Usingizi. Hapa naomba nisikilizwe vizuri, hasa na mwenye mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Mtoto alazwe chali, kila usingizi, hata wa dakika kumi. Godoro liwe gumu na tambarare, bila mto, bila blanketi, bila mwanasesere wala kitu chochote karibu na uso. Marekani ilianza kampeni ya kuwahimiza watu kulaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vikashuka kwa karibu nusu katika miaka iliyofuata. Na kuna jambo wengi hawalijui: mtoto aliyezoea chali nyumbani, siku akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza, hatari yake inakuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo haitoshi wewe kumlaza vizuri usiku. Kituo kimoja niliambiwa kwa fahari kabisa, "Sisi tunawalaza kwa tumbo, wanalala muda mrefu." Nilishukuru nikaaga. Uliza pia nani anakaa chumbani watoto wakilala. Mtu awepo, anawaona na kuwasikia.

Televisheni nayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asitazame skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe kwenye kiti au kibebeo zaidi ya saa moja mfululizo. Nilipousoma nilikumbuka ule mkanda na ule mchana, nikalia jikoni.

Usafi utauona mwenyewe, ila chungulia jambo moja: maji ya kunawa yako umbali gani na meza ya kubadilishia nepi? Yakiwa chumba kingine, walezi watanawa asubuhi na siku ya wageni. Pale nilipompeleka, bomba na sabuni viko hatua mbili kutoka mezani, na meza ya nepi haina uhusiano wowote na mahali pa chakula. Kama unakamua maziwa, fungua friji. Nilikuta kila chupa ina jina na tarehe. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba, siku 4 kwenye friji, na yanayobaki mtoto akishanyonya kwenye chupa yamwagwe baada ya saa 2. Mlezi aliyeniambia hayo kabla sijamuuliza alinipa amani ya moyo ambayo picha za tembo hazikunipa.

Ujue mtoto ataumwa. Mwaka wa kwanza kituoni mafua yatafuatana. Mara nane, kumi, hata kumi na mbili kwa mwaka si ajabu, wala si dalili kwamba kituo ni kibaya. Cha kutazama ni kama wana msimamo. Asubuhi moja nilimfikisha mwanangu aliyekuwa ameharisha usiku, na nina kikao kazini, wakanirudisha mlangoni: arudi saa 48 zikipita bila kuharisha. Nilikasirika mpaka nikafika nyumbani. Wiki mbili baadaye waliwarudisha watoto wengine wawili, na wangu akabaki mzima. Tangu hapo sijalalamika.

Habari za bei na umbali sina mengi. Kituo cha karibu na kazini kinakusaidia kama bado unanyonyesha. Cha karibu na nyumbani kinasaidia siku ambayo mtu mwingine anamchukua. Orodha ya watakaoruhusiwa kumchukua iandikwe, na mtu asiyemo asipewe mtoto hata akijiita mjomba.

Ukishachagua, usimwache tu mtoto siku ya kwanza ukakimbilia kazini. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu mara ya kwanza nilimfanyia hivyo, nikatoroka akiwa amegeukia bembea, eti asilie. Alilia nilipokuwa sipo. Vituo vingi vya Ujerumani hufuata utaratibu ulioanzia Berlin: siku tatu za mwanzo mzazi anakaa chumbani na mtoto bila kuondoka, na siku ya nne ndipo anatoka kwa mara ya kwanza, tena kwa muda mfupi, kisha anatazama mtoto anavyompokea mlezi. Nilichukua siku za likizo yangu ya mwaka nikafanya hivyo. Siku ya nne niliaga, nikamwambia narudi, nikatoka dakika 15. Alilia. Nikiwa nje ya dirisha nilimsikia yule mama wa makamo akimwambia, "Mama ametoka, unamtaka mama, najua." Hakumwambia nyamaza. Alimwacha amalize, akiwa kifuani kwake.

Kuna akina mama wenzangu wanaoniandikia kwamba wanajiona wamemtupa mtoto. Marekani kuna utafiti mkubwa, wa NICHD, taasisi ya serikali ya afya ya watoto, ulioanza mwaka 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa. Uligundua kwamba ubora wa malezi ya mchana unachangia, hasa katika lugha na uelewa, lakini nyumbani kwa mtoto kuna uzito zaidi ya kituo. Saa zile mbili za jioni ulizochoka hazikupotea. Mwanao anazihesabu.

Mwisho, kuna swali ninalouliza kila jioni. Kituo cha kwanza nilikuwa nauliza "alikuwaje leo?" nikajibiwa "mzuri tu," kila siku, wiki tatu. Siku hizi nauliza, "Leo amehangaika na nini?" Mtu ambaye hakumtazama mtoto hawezi kulijibu. Jioni ya pili baada ya kuanza kumwacha kutwa, yule mama alinyanyua kifuniko cha ndoo ndogo ya plastiki. "Hiki," akasema. "Ameshinda anakifunika na kukifunua. Kikimkatalia ananitazama, nikimwonyesha anakataa, anataka afanye mwenyewe." Nilikwenda nacho nyumbani, walinipa. Kesho yake asubuhi tulipofika mlangoni, mwanangu alikuwa amekikumbatia, na alipomwona yule mama akamnyooshea kifuniko kwanza, kisha mikono yote miwili.