Mafuta ya moto hayazuii baridi ya Churchill, na mwenye sukari ndo asiyaguse kabisa

SWALI: Dada nesi, habari za kazi. Sisi ni kina mama 14 tunaishi Toronto, tumecheza upatu mwaka mzima na mwezi wa 11 tunaenda Churchill, mji mdogo wa kaskazini huku Kanada, kuwaona dubu weupe. Mimi nina miaka 57, nina sukari, natumia insulini. Sasa kuna mwenzetu anatuuzia mafuta ya moto, anasema ukijipaka usoni na miguuni, ukavaa soksi pea nne na ukanywa brandi kidogo, baridi haikupati. Je kwa mtu mwenye sukari hayo mafuta yana madhara? Mama Zuhura.

JIBU: Mama Zuhura, salama mama, na hongereni kwa safari, mwezi mmechagua vizuri maana wakati huo dubu wanakuwa wamejaa pale pwani wanasubiri Ghuba ya Hudson igande waingie kwenye barafu kuwinda sili, wengi wao hawajala chakula cha maana tangu mwezi wa 7. Mtawaona karibu kabisa, dubu anasimama kwa miguu ya nyuma anaegemea gari.

Swali lako ni kama yana madhara. Ndiyo, yana madhara, tena kwako wewe zaidi ya wenzio wote 13. Ila naomba unisikilize kidogo kwa sababu nipo Winnipeg nafanya kazi emajensi na hili swali la mafuta linanijia kila mwaka kuanzia mwezi wa 10, na kila mwaka kuna mtu ameshapaka kabla hajauliza.

Yale mafuta mengi ni mentholi, kafuri, mengine yana pilipili. Ukipaka unasikia ngozi inawaka, sasa huo moto mama sio joto, ni mshipa wa fahamu umedanganywa. Chukua kipimajoto uweke kwenye mguu uliopakwa na ambao haujapakwa uone kama kuna mmoja umepata joto la kukukinga na baridi ya nyuzi -20. Joto linatengenezwa na mwili wako wenyewe kutokana na chakula na kutembea, nguo kazi yake ni kulizuia lisitoke, basi, hakuna chupa inayoongeza hapo. Wafini waliwachunguza askari wao, nchi ya baridi ile, wakakuta waliokuwa wanapaka mafuta usoni ndo walikuwa wanaunguzwa zaidi na baridi masikioni na usoni, kwa sababu ukishapaka unajiona umekingwa, unakaa nje unasahau kujifunika.

Na dalili ya kwanza ya kuunguzwa na baridi ni nini? Maumivu na kuchomachoma, halafu ganzi. Sasa wewe umepaka kitu kinachochoma tangu asubuhi, utajuaje kuchoma kupi ni kwa mafuta na kupi ni kwa baridi? Halafu sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaua mishipa ya fahamu ya miguu, yaani hata bila mafuta inawezekana hausikii vizuri vidole vyako. Ndo maana nasema wewe zaidi ya wote.

Kuna kingine hakisemwi sana. Vitabu vinaandika ngozi iliyoanza kuganda inakuwa nyeupe. Kwenye ngozi yetu weupe huo mara nyingi hauonekani, inakuwa kama kijivu, kama mtu aliyepauka, na ukishapaka mafuta yanayong'aa ndo hauoni kabisa. Na tafiti za majeshi, ya Uingereza na Marekani, zimeonyesha askari weusi wanaumizwa na baridi zaidi ya weupe wakiwa kwenye mazingira yale yale. Kwa hiyo msitazame rangi, shikeni. Mkiwa nje kila baada ya dakika chache mtu amguse mwenzake shavu na ncha ya pua, pakiwa pagumu na baridi kama nta au anasema hasikii, anaingia ndani saa hiyo hiyo.

Nilimpokea kijana mmoja, mwanafunzi, alikuwa amepaka marhamu ya baridi yabisi miguu yote, soksi tatu, buti saizi yake ya kawaida. Nilipomvua soksi harufu ya kafuri ilijaa chumba kizima, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vigumu ukivigonga kwa kucha vinatoa sauti kama mbao, na yeye ananiambia nesi mbona nasikia moto. Alikuwa anasikia moto wa mafuta. Hizo soksi pea nne nazo ndo hivyo hivyo, zikibana ndani ya buti damu haipiti, na damu ndo inayobeba joto. Vaa moja nyembamba na moja nene ya sufu, sio pamba, pamba ikilowa jasho inakugandisha, na buti iwe kubwa mpaka uweze kuchezesha vidole.

Brandi sitaki hata kuijadili sana. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, unasikia joto kumbe ndo linatoka. Kwako wewe unayetumia insulini, pombe inazuia ini lisitoe sukari, sukari inashuka, unaanza kutetemeka na kuongea ovyo, wenzio watasema ni baridi tu watakufunika blanketi wakati unahitaji juisi.

Magari ya kule yana hita ndani, hatari iko kwenye kale kabaraza ka nyuma mnapotoka kupiga picha. Mtu anavua glavu dakika mbili, dubu anageuka, zinakuwa kumi. -20 na upepo wa kilomita 40 kwa saa mwili unaipata kama -34, hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Vaa glavu nyembamba ndani ya ile kubwa isiyogawanya vidole, simu uibofye kwa ile nyembamba. Insulini iweke mfuko wa ndani wa jaketi, isikae kwenye begi la nje, ikiganda itupe hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima. Vile vipakiti vya kupasha moto usiviweke kwenye miguu kabisa, utaungua bila kusikia. Na kabla ya safari daktari wako akupime miguu.

Sasa huyu mwenzenu anayeuza. Sijui kama anajua anachouza au naye kauziwa, lakini biashara hii imeenea sana kwenye magrupu yetu, na wanaoumia zaidi sio watalii, ni wageni wanaotua Winnipeg au Edmonton mwezi wa kwanza na kijaketi cha uwanja wa ndege, hela yote ya buti imeishia kwenye vichupa vya dola 40. Halafu akishaunguzwa anaambiwa sugua na theluji, au kaa karibu na hita, au paka tena. Jamani msisugue! Nyama iliyoganda ina vipande vya barafu ndani, ukisugua unaichana. Inatiwa kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 mpaka 39, karibu nusu saa, na kama kuna uwezekano itaganda tena njiani iacheni mpaka mfike hospitali.

Na mkija mkiwa mmeshapaka msioge kwanza wala msifiche, semeni tu mlipaka nini na saa ngapi. Hatutawagombeza.