Maswali na Majibu: Je, mabawa ya modeli ya Mustang yang'ae kama kioo?

Swali: Nimenunua modeli ya P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita Kuu ya Pili, ya kipimo cha 1/48 pamoja na kitabu chenye michoro mingi ya rangi. Nataka kuiunda kwa sura ya ndege za kikosi cha Tuskegee, cha marubani Wamarekani weusi, zile zenye mikia myekundu. Mustang niliyoiona kwenye maonyesho ya ndege hapa Ohio ilikuwa inang'aa mwili mzima kama kioo, na kila ribiti (msumari wa kuunganisha mabamba) ilionekana. Nitumie rangi gani ya kopo ili nipate mng'ao huo, na mistari ya mabamba (mifereji inayoonyesha viungo vya bati) niijaze rangi nyeusi kabla au baada ya kubandika stika?

Jibu: Bodi, yaani kiwiliwili cha ndege yako, inaweza kung'aa kwa kiasi, lakini mabawa yasing'ae hata kidogo, na mistari mingi unayotaka kuijaza weusi inapaswa kuzibwa kabisa. Swali hili naletewa mara kwa mara na watu makini waliotumia fedha zao na jioni zao nyingi, nao wote wamepotoshwa na kitu kilekile, yaani ndege iliyokarabatiwa kwa ajili ya maonyesho.

Kampuni ya North American Aviation ililipa bawa la Mustang umbo ambalo unene wake mkubwa uko nyuma zaidi kuliko ilivyokuwa kawaida kwa ndege za wakati ule, ili hewa iteleze juu yake bila kuvurugika mapema. Umbo la namna hiyo hudai uso laini, kwa maana kichwa cha ribiti kilichochomoza au ufa mwembamba kati ya mabamba mawili hutosha kuuvuruga mkondo wa hewa. Kwa sababu hiyo, kiwandani walijaza puti kwenye viungo na ribiti za sehemu ya mbele ya bawa, takriban asilimia 40 ya upana wake kuanzia ukingo wa mbele, wakaipiga praima (rangi ya msingi) na msasa, kisha bawa likapuliziwa rangi ya fedha. Alichokiona fundi wa uwanjani mwaka 1944 alipolitazama bawa ni rangi ya fedha iliyopoa, yenye masizi na alama za viatu, wala si alumini tupu. Mistari iliyobaki wazi katika eneo hilo ni ile ya vifuniko vilivyopaswa kufunguliwa, hasa vya bunduki na risasi.

Sasa chukua rula. Mstari wenye upana wa milimita 0.2 kwenye modeli ya 1/48 ni sawa na ufa wa karibu sentimita moja kwenye ndege halisi. Ukiujaza wino mweusi, umeunda ndege ambayo mabamba yake yameachana kiasi cha kupitisha penseli, na hakuna mkaguzi wa kiwanda ambaye angeiruhusu itoke nje. Kwa hiyo ziba mistari ya mbele ya bawa kwa puti nyembamba ya modeli, piga msasa laini wa maji, kisha pulizia rangi ya fedha isiyo na mng'ao. Kwenye bodi acha mistari ilivyo, na ukitaka kuikoleza tumia kijivu kilichokaribiana na rangi ya bati, baada ya stika kufunikwa kwa vanishi. Mabamba ya bodi yatofautiane kidogo kwa wepesi na uzito wa rangi, kwa kuwa alumini ilichakaa kwa namna tofauti karibu na mabomba ya moshi na mbali nayo. Usukani wa mkiani ulivikwa kitambaa, lakini kwa ndege yako utakuwa chini ya rangi nyekundu, hivyo usikusumbue.

Ndege uliyoiona Ohio haina kosa. Wenye ndege hizo huzipenda, na wengi wao wameondoa puti, wakang'arisha bati, na wakaweka kiti cha pili mahali palipokuwa na tangi la mafuta la galoni 85 nyuma ya rubani. Hiyo ni haki yao. Tatizo ni kuifanya ndege hiyo shahidi wa mwaka 1944, na hapo ndipo wauzaji wanapojipenyeza. Wapo wanaouza makopo ya "kromu halisi ya Mustang", na wapo wanaojiita walimu, wanaorekodi video ya dakika tano wakimwaga wino mweusi juu ya bawa zima na kuuita uhalisia. Hawajawahi kufungua kitabu cha matengenezo cha jeshi, ambacho kinapatikana na kinasomeka. Kila mmoja humnakili mwenzake, na kosa likishanakiliwa mara nyingi watu huliona kuwa ushahidi.

Michoro ya rangi kwenye vitabu nayo ina hatari ileile. Mchoro ni maoni ya mchoraji. Nimeona Mustang za mikia myekundu zimepakwa michirizi myeusi na myeupe ya Normandy, kwa sababu tu mchirizi huo ulikuwa kwenye ukurasa wa jirani. Michirizi hiyo ilipakwa kwa ajili ya uvamizi wa majeshi ya Washirika huko Normandy, Ufaransa, Juni 1944. Kikosi cha 332, ndicho hicho cha Tuskegee, chini ya Benjamin O. Davis Jr., kilikuwa Italia, na kilianza kuruka na Mustang Julai mwaka huo, kikitokea uwanja wa Ramitelli. Ukinunua kitabu kingine, tafuta chenye picha za wakati ule, na maelezo chini ya picha yataje skwadroni, mahali, na ikiwezekana mwezi. Kisha soma namba ya mkiani: tarakimu ya kwanza ya mwaka wa bajeti ulioagizia ndege iliachwa, hivyo namba inayoanza na 4 kwenye P-51D inatokana na 44, yaani 1944. Kwa namba hiyo utajua ndege yako ni ya toleo gani, na kama ilitoka kiwandani na lile pezi dogo mbele ya mkia, ambalo P-51D za mwanzo hazikuwa nalo.

Jihadharini pia na picha za zamani zilizotiwa rangi na programu za kompyuta, ambazo sasa zinasambazwa kama kumbukumbu za kweli. Baadhi ya filamu za nyeusi na nyeupe hazikuhisi nyekundu, kwa hiyo nyekundu ilitoka nyeusi, na njano nayo ikatoka imekolea kupita kiasi. Programu haijui filamu ipi ilitumika. Inakisia, na makisio yake yanavutia macho. Anayetaka kuona rangi za kiwandani azitazame picha za rangi halisi alizopiga Alfred T. Palmer katika kiwanda cha Inglewood, California, Oktoba 1942, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na ambazo yeyote anaweza kuzifungua bila malipo. P-51D ilikuwa bado haijazaliwa, lakini humo mna njano na kijani za praima ya kuzuia kutu kama zilivyokuwa mikononi mwa waliozipaka, na hizo ndizo za kulinganisha na chupa ulizonazo mezani kabla ya kufungua hata moja.