Nilisaini fomu ya shule: je, nimepoteza haki ya kulalamika?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mama wa binti wa kidato cha pili, anasoma shule binafsi hapa Tanga. Mwezi uliopita alichelewa namba ya asubuhi, mwalimu wa kiume akamchapa bakora nyingi, nyingine mgongoni, akarudi nyumbani kavimba. Wiki hiyohiyo shule ikatuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi orodha ya watoto wanaodaiwa ada, majina na picha zao, na wangu yumo kwa sababu kweli nadaiwa muhula huu. Nilipokwenda kulalamika nikatolewa fomu ya kujiunga niliyosaini mwaka jana. Imeandikwa kwamba mzazi anakubali mtoto apewe adhabu yoyote shule itakayoona inafaa, shule itumie taarifa na picha zake itakavyo, na mzazi hatadai chochote. Nilisaini bila kusoma vizuri na nakala sina. Jirani amenipeleka kwa mtu anayekaa karibu na mahakama, anataka shilingi 80,000 aiandikie shule notisi ya siku saba. Je, bado nina haki yoyote? Na huyu mtu nimlipe? (Mama wa mwanafunzi, Makorora)

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa mtoto. Haki unayo, na huyo mtu usimlipe hata senti.

Kabla ya karatasi, mwili. Kama binti bado analalamika mgongo, mpeleke hospitali ya Bombo aonwe na daktari, na upite polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto ukachukue PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza. Usingoje shule ikuruhusu. Cheti cha daktari cha leo kina uzito kuliko maelezo yako ya miezi mitatu ijayo.

Sasa niseme juu ya neno linalonichosha kuliko yote yanayoletwa na wazazi ofisini kwangu: "si ulisaini mwenyewe". Mkuu wa shule analitamka kama hukumu, mzazi analipokea kama hukumu, na mtoto anabaki na maumivu yake. Wazazi wasomi, wafanyabiashara wakubwa wa Ngamiani, hata watumishi wa serikali, wote wakishaonyeshwa saini yao wananywea. Hakuna anayeuliza swali la msingi: je, kilichosainiwa kinaruhusiwa na sheria?

Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 23, imelijibu swali hilo. Makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria, au ambayo yakiachwa yatavunja masharti ya sheria, si makubaliano halali. Ni batili. Saini yako haiyatii uhai, wala mhuri wa shule hauwezi. Mzazi na shule hawawezi kukaa chini wakakubaliana kwamba mtoto apigwe kinyume cha kanuni, kwa sababu ile kanuni haikuwekwa kwa ajili ya mzazi wala ya shule. Iliwekwa kumlinda mtoto, naye hakusaini chochote.

Usinielewe vibaya kwamba fomu yote ni takataka. Sehemu kubwa ya fomu ile inakubana, na ni haki ikubane: ada na tarehe za kulipa, sare, saa za kufika, simu kutoingia bwenini, ile fomu ya kutoshiriki mgomo, fujo na makosa ya jinai ambayo karibu kila mzazi wa sekondari ameiona. Hayo ni makubaliano halali. Ukisaini kwamba utalipa ada kwa awamu, unadaiwa. Kinachokufa ni kile kipande kinachosema "adhabu yoyote", "itakavyo" na "hatadai chochote".

Tuitazame adhabu. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, Tangazo la Serikali Na. 294 la mwaka 2002, zinasema viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito. Visizidi vinne. Fimbo iwe nyepesi inayopinda, na ipige mkononi au makalioni juu ya nguo, si kwingine popote mwilini. Umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na hata huyo aliyeteuliwa lazima apate idhini ya mkuu kila mara anapotaka kuchapa. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike. Kama shule haina mwalimu wa kike hata mmoja, hapo ni mkuu wa shule peke yake. Kila adhabu huandikwa katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na mkuu anatia saini.

Sasa pima ya binti yako. Kuchelewa namba, bakora nyingi, mgongoni, kwa mkono wa mwalimu wa kiume. Sijui ni sharti gani hapo lililobaki zima. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha, na inadai adhabu ilingane na umri na hali ya mtoto. Kwa hiyo wakikwambia "ulikubali adhabu yoyote", waulize kwa upole: kitabu cha adhabu kiko wapi, na siku ile kimeandikwa nini? Mara nyingi swali hilo moja hubadilisha mazungumzo, kwa sababu kitabu hakipo, au kipo na ukurasa wa siku hiyo ni mweupe. Katika shule nyingi walimu wenyewe hawajawahi kukiona.

Ya picha na orodha ya madeni, wengi bado wanaichukulia kuwa ni aibu tu ya mtaani. Tangu tarehe 1 Mei 2023 ni suala la sheria. Siku hiyo ilianza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anawajibika kumjulisha mhusika, kabla ya kuzichukua, zinakusanywa kwa kusudi gani na nani atazipata. "Shule itatumia itakavyo" haitaji kusudi lolote. Ni sawa na kukuomba usaini karatasi nyeupe. Na hata ridhaa uliyoitoa kwa haki unaweza kuiondoa wakati wowote, bila kueleza sababu na bila kulipia.

Picha ile uliitoa kwa ajili ya faili la mwanafunzi. Kuichukua na kuibandika kwenye kundi la wazazi, kila mwenye simu aione na aisambaze, ili kukubana wewe ulipe, ni kumtumia mtoto kama dalali wa deni la mzazi wake. Natamani wenye shule wanaosoma hapa walielewe hili: deni ni la mzazi, mdai mzazi. Mwandikie, mpigie, mpeleke mahakamani ukitaka. Binti wa kidato cha pili hakukopa kwenu.

Sheria hiyohiyo inakupa kitu kingine ambacho wazazi hawakitumii kabisa: haki ya kuomba kuona taarifa ambazo taasisi inazo juu ya mtoto wako, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Rekodi ya adhabu ni taarifa yake. Ripoti za maendeleo, mahudhurio, barua za nidhamu, na hiyo fomu uliyosaini usibakiwe na nakala, vyote ni vyake. Unaomba kwa maandishi, kwa niaba yake. Mzazi wa shule ya serikali ana njia ya ziada, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Hapo ndipo mzazi anaweza kuuliza pia fedha za ruzuku zimeingia kiasi gani na zimetumikaje, na mchango anaotozwa umeidhinishwa na nani.

Nije kwa mtu wako wa 80,000.

Hapa Tanga, kama kwingine, tumejaa vishoka. Anavaa tai, ana begi, anasalimiana na makarani, anasema "mheshimiwa" kila baada ya sentensi, na si wakili. Sheria ya Mawakili, Sura 341, inamkataza asiye wakili kujifanya wakili na kuandaa hati za kisheria kwa malipo, na inamtaka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake. Angalia notisi anazoandika huyo jamaa: jina lake halimo. Chini kuna jina lako wewe tu, kwa sababu moto ukiwaka, ni wewe utakayeungua. Kumjua wakili wa kweli si kazi: Mahakama ina mfumo wa e-Wakili, unaandika jina lake kwenye simu na unaona kama yupo na kama leseni yake ni hai. Dakika mbili tu. Lakini watu wanaotazama mara tatu tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa hawatazami mara moja jina la mtu wanayemkabidhi kesi ya mtoto.

Na hiyo "notisi ya siku saba" wanaiuza kama hirizi. Kwa shule binafsi ni barua ya madai tu, sawa na ambayo ungeandika mwenyewe mezani kwako. Siku saba zikipita haitokei nguvu yoyote. Kwa shule ya serikali ni mbaya zaidi, kwa sababu inakupotezea muda. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura 5, inataka notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 hata halmashauri imo: Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe na shauri liende Mahakama Kuu. Mzazi anayekimbilia mahakama ya mwanzo Jumatatu na karatasi yake ya siku saba atarudishwa, na kishoka hatapokea simu yake tena.

Kuna barua moja ililetwa ofisini kwangu na baba wa Pongwe, ameilipia, imejaa vifungu. Ilidai kwamba shule imekosa kutoa "taarifa ya mwaka ya haki za wazazi" na kwamba faili lionyeshwe ndani ya siku 45. Niliposoma nikatambua imenakiliwa kutoka mtandaoni. Hiyo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1974, iitwayo FERPA. Kule, shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinalazimika kila mwaka kuwajulisha wazazi haki zao juu ya rekodi za watoto, na zina siku hizo 45 za kuonyesha faili. Ni sheria nzuri, lakini haina la kufanya na shule ya Pongwe. Mkuu wa shule alicheka, na malalamiko ya kweli ya yule baba yakazikwa na kicheko hicho. Kwetu hakuna karatasi moja ya mwaka inayomletea mzazi haki zake zote. Zimetawanyika katika sheria na kanuni nilizozitaja, na ndiyo maana wauza maneno wanapata soko. Natamani tungekuwa na karatasi hiyo, kwa Kiswahili chepesi, ikabidhiwa pamoja na fomu ya kujiunga.

Wewe fanya hivi. Andika barua kwa mkuu wa shule, kwa mkono wako kama ni lazima, ukurasa mmoja. Taja tarehe, saa, jina la mwalimu, mtoto alichapwa wapi mwilini na bakora ngapi. Kisha maombi yako: nakala ya fomu uliyosaini, nakala ya ukurasa wa kitabu cha adhabu wa siku hiyo, kuondolewa kwa picha na jina la mtoto kwenye kundi, na maandishi kwamba umeondoa ridhaa ya matumizi ya picha zake nje ya kumbukumbu za shule. Usitukane, usitishie, usitaje fidia. Peleka nakala mbili. Moja wapokee, nyingine wagonge mhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Wakikataa mhuri, nenda na mzazi mwenzako ashuhudie. Piga picha ya ile orodha kwenye simu kabla hawajaifuta, na jina la aliyeituma lionekane.

Wasipojibu, nakala ya barua hiyo ipeleke kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri ya Jiji na kwa wathibiti ubora wa shule. Ya picha, lalamika kwa Tume. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yake ni bure, na akikuomba pesa ujue umeshaangukia kishoka mwingine. Ukiona mtoto anatishiwa au ananyimwa darasa kwa sababu umelalamika, piga 116, namba ya kusaidia watoto.

Ada ulipe. Kama huna yote, andika barua ya pili, tofauti kabisa na ya kwanza, ueleze utalipa kiasi gani na lini, na uambatishe risiti ya chochote ulicho nacho. Mambo haya mawili usiyatie kwenye karatasi moja, maana shule itajibu la ada na kuliruka la bakora.