Kwanza niambieni saa ya kurudi melini

Mhariri, swali lenu la wiki hii lasema: "Ukipewa tiketi ya meli ya kitalii inayozunguka bandari za India, ungeshuka mji gani, na ungetazama nini?" Nilitaka kulipita nikashindwa. Nimefanya kazi kwenye meli za aina hiyo, nikitandika vitanda na kusugua mabafu ya watu, na naona mmeuliza la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni saa ya kurudi, ile inayobandikwa mlangoni kabla hata ngazi haijateremshwa. Wote melini saa kumi na nusu. Hiyo ndiyo inayokuchagulia utakachokiona. Toa foleni ya uhamiaji ya asubuhi, toa basi lililokwama nyuma ya malori ya makontena, toa chakula cha mchana cha hotelini (kana kwamba melini watu wanashinda njaa), na India nzima inabakiwa na saa tatu.

Chukueni Mumbai. Meli hufunga gati Ballard Pier, si mbali na Gateway of India, lile lango la mawe la kuadhimisha ujio wa Mfalme George wa Tano mwaka 1911. Lango lilimalizika 1924, mgeni keshakwenda zake miaka 13. Askari wa mwisho wa Kiingereza walipita hapo hapo kuondoka, Februari 1948, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzuri zaidi ya kulitazama. Hapo hapo ndipo zinapoondokea boti za kwenda Elephanta, mwendo wa saa moja hivi. Kisiwani kuna mapango yaliyochongwa ndani ya mwamba, na ndani yake sanamu ya Shiva, mungu wa Kihindu, mwenye nyuso tatu, urefu wake unakaribia mita 6. Abiria wengi hawafiki. Ngazi za kupanda ni nyingi, jua ni kali, na Jumatatu pamefungwa.

Wanaoniudhi hasa ni wale wa Taj Mahal. Wanaiacha meli Mumbai, wanapanda ndege hadi Delhi, gari hadi Agra, wanapigwa picha kwenye lile benchi la marumaru, kisha wanaidaka meli bandari ya mbele. Kutoka Mumbai hadi Agra ni zaidi ya kilomita 1,000. Hiyo ni safari ya bahari kweli? Nimewafungulia milango wakirudi. Mmoja alilala na viatu vyake, nikambadilishia shuka kesho yake.

Goa nitaipita haraka, ingawa sisi watu wa Pwani tuna hesabu nayo. Wakati wa Wareno Mombasa ilitawaliwa kutoka huko, na Cairati, yule Mtaliano aliyechora ramani ya Fort Jesus, alikuwa fundi mkuu wao upande huo. Huko ndiko walikomlea Yusuf bin Hassan chini ya mapadri wa Kiagustino, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha Mombasa atawale kwa niaba yao, naye mwaka 1631 akawageuka. Mnara wa Waagustino bado umesimama Goa ya Kale, umebaki kipande. Basi za watalii huenda kanisa la Bom Jesus, kwenye mwili wa Mtakatifu Francis Xavier. Wenzangu Wagoa, na melini wamejaa, hawakwenda kutazama chochote. Mama zao walikuwa wakiwangoja nje ya geti la bandari na vyakula kwenye hotipoti.

Sasa Kochi, bandari ya kusini kwenye pwani ya Malabar, na hapa mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Malindi. Nguzo ya Vasco da Gama tumeicheza utotoni, tumeruka baharini kutoka kwenye majabali yake, na shuleni tukachapwa kwa kusahau mwaka 1498. Niliposikia Kochi kuna kanisa alikozikwa bwana huyo, nilibadilishana zamu na Mfilipino mmoja kwa ahadi ya kumfanyia mabafu yake usiku, nikachukua pasi ya kushukia, nikatoka.

Gati iko Kisiwa cha Willingdon na kanisa liko Fort Kochi, ng'ambo. Nikapanda tuktuk. Dereva akaniita ndugu, akanipeleka duka la mazulia. Nikamwambia kanisani. Akanipeleka duka la viungo. "Angalia tu dakika kumi, ndugu, usinunue. Mimi nikileta mgeni napata cha mafuta." Nikaingia, nikanusa iliki, nikatoka. Ningemkasirikia vipi? Kwetu hayo hayo tunawafanyia Wataliano kila siku, na mazulia hata hatuna.

Kanisa la Mtakatifu Francis ni dogo, halina makuu. Wareno walilianza mwaka 1503. Juu ya viti zimetundikwa pangaboi za kitambaa, ndefu, zimening'inia kama matanga yaliyokosa upepo, na kamba zake zinapita ukutani kutokea nje. Huko nje ndiko walikokaa watu wa kuzivuta, ibada ikiendelea ndani. Nilitoka nikaenda kuangalia mahali penyewe. Ni uwanja tu, na jua.

Kaburi liko sakafuni, limezungushiwa vyuma, na ni tupu. Da Gama alifia Kochi mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na miaka kumi na kadhaa baadaye mifupa ikapelekwa Ureno. Kundi la meli yetu lilikuwa limelizunguka, stika namba 14 vifuani, na mtembezaji wao akiwaambia kwamba huyu ndiye aliyefungua njia ya bahari ya kuja India.

Aliifungua kwa ufunguo gani? Watu wetu, Waarabu na Wahindi walikuwa wakienda kwa upepo wa kusi na kurudi kwa ule wa kaskazi karne nyingi kabla yake. Alipofika Malindi Aprili 1498 hakuwa na mtu wa kumvusha. Sultani wetu akampa rubani, akavuka kwa chini ya mwezi mmoja. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka Oktoba, akaiona Afrika Januari, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye.

Nilikuwa nayasema haya kimoyomoyo pale bibi mmoja niliyekuwa nikimsafishia chumba aliponitambua. Akanipa simu yake nimpige picha kando ya vyuma. Nikampiga mbili. Kisha nikamwambia, kwa adabu yote ya mtu anayetegemea bakshishi, kwamba rubani wa huyu bwana alitoka kwetu, Malindi. Akafurahi, si kwa kuigiza. Akaniuliza, "Malindi iko upande gani wa India?"

Nikaanza kumweleza. Kibao cha namba 14 kikainuliwa mlangoni, akaondoka mbio.

Nilitembea na hasira hadi ufukweni kwenye nyavu za Kichina. Lakini hebu niseme haki. Ibn Majid tuliyefundishwa shuleni kuwa ndiye rubani, wanahistoria wengi wameshamwondoa. Waandishi wa Kireno walimtaja rubani kuwa Mgujarati. Kama ni hivyo, basi yule alikuwa anarudi kwao, na Malindi ya siku zile kweli ilikuwa na upande wake wa India. Swali la bibi lilikuwa na maana kuliko yeye na mimi tulivyodhani.

Na zile nyavu! Boriti kubwa zimesimamishwa ukingoni, wavu umetandazwa chini yake, na nyuma kuna kamba zenye mawe, jiwe juu ya jiwe, ya kusawazisha uzito. Mtu mmoja anatembea juu ya boriti, na kwa uzito wake tu wavu unazama. Wengine wanavuta kamba kuuinua, na mawe yanatua chini moja baada ya jingine. Wakanipa kamba nami. Tukatoa samaki wa kujaza bakuli, labda, na kaa mmoja mwenye hasira. Wakanidai pesa, nikatoa, tukacheka. India haijanipa kitu kizuri kuliko hicho, nami nilifikishwa na meli ile ile ninayoisema vibaya.

Hapo ndipo jibu langu linapoanza kuniponyoka. Nilikusudia kuwaambia msipande. Mabaharia wa majahazi walikaa Malabar miezi wakingoja upepo ugeuke, wakaoa, wakajua bei ya pilipili manga. Ndivyo bandari inavyojulikana. Na mahali ninapopataka zaidi, Janjira, ile ngome ya baharini kusini ya Mumbai ambayo Masidi, watu wenye asili ya Afrika, waliishika na Wamaratha, watawala wa bara ya huko, wakashindwa kuitwaa, meli hizi haziendi. Unafika kwa barabara, kisha mashua ya tanga.

Lakini mwalimu mstaafu wa Kisumu hana miezi, wala mama yangu hana magoti ya kushuka na kupanda matreni. Kwa watu kama hao meli ni kitanda kinachotembea, nami siwezi kuwakataza. Tena mama anaitaka Taj Mahal, siyo nyavu. Nikipewa hiyo tiketi nitampeleka, na ole wake atakayemcheka akilala na viatu.

Basi: shukeni Kochi, msinunue matembezi ya meli, ulizeni siku za kufungwa (Taj Mahal ni Ijumaa), na nendeni kati ya Novemba na Februari, mvua za kusi zikiwa zimekwisha. Na kama meli inagusa Colombo, Sri Lanka, katikati kisha inarudi India, hakikisheni viza yenu ni ya kuingia zaidi ya mara moja.