Kwa nini nakirudia Nagona

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku Newala hatujambo. Uliniuliza kwenye simu nikashindwa kukujibu palepale: kwa nini nasoma Nagona, ile riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kwa mara ya nne, na ni mimi niliyekuambia sikukielewa?

Mara ya kwanza nilikiendea vibaya. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, kichwa kimejaa fani na maudhui. Riwaya zake za awali, Rosa Mistika na Kichwamaji, nilishazisoma, nikadhani Kezilahabi atanishika mkono vilevile: mhusika mkuu huyu, mgogoro huu, ujumbe huu. Nagona, ya mwaka 1990, haikunipa hata kimoja. Mtu yumo katika mji usio na sauti, anasafiri, anatafuta. Mara anatajwa Nietzsche, mara Freud, wanafikra wa Ulaya. Nikaona aibu kwamba siwajui. Nikakifunga.

Kilichonirudisha ni Kiswahili chake. Sentensi fupi, maneno ya kila siku, ya watu wachotao maji kisimani! Kamusi haikusaidii kitu pale.

Basi mara ya pili nikasoma kwa sauti, jioni, bibi yako akibangua korosho. Ile alama nyeusi uliyoiona ukurasani ni kidole chake. Alitaka kushika kitabu, mafuta ya ganda yakabaki. Bibi hakuwahi kukaa darasani. Alisikiliza, akasema, "Kumbe hadithi. Endelea." Hakuuliza Nagona ni binti, ni mnyama paa au ni ukweli wenyewe. Msafiri anayetafuta asichokijua, hilo alilizoea tangu utotoni, gizani, kwa bibi zake. Mimi ndiye niliyesahaulishwa na mitihani.

Mara ya tatu ilikuwa baada ya kumzika baba yako. Kile kimya cha mji kilikuwa humu sebuleni. Sikuweza kuzidisha kurasa tatu kwa siku, lakini hakuna kitabu kingine nilichoweza kukivumilia.

Jana nilikwenda nacho Shimo la Mungu, pale ukingoni juu ya bonde la Ruvuma, alfajiri. Ukungu ulikuwa umejaa bonde zima, Ruvuma haionekani, Msumbiji haionekani. Nikasoma ukurasa mmoja. Nilipoinua macho, kipande cha mto kilikuwa kinang'aa chini kule, kama kisu, kisha ukungu ukakifunika. Nikaurudia ukurasa uleule. Nilikaa hapo hadi saa tatu, chai sijanywa.

Ukija Desemba nitakusomea kurasa za mwanzo. Usije na kalamu. Mzingile, riwaya yake iliyofuata, nayo nimeiweka tayari, tutaifuatisha.

Mama yako